Kitabu cha karatasi kuwa faili: PDF, Word, EPUB, sauti au nukta nundu?

Niliwahi kuletewa faili la kitabu cha kurasa 300, nikaambiwa, "Kazi imekwisha, mpe msomaji." Msomaji mwenyewe haoni. Akalifungua, kisomaskrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kikanyamaza kidogo, kisha kikatangaza kwamba hati ni tupu. Aliyeskani hakuwa mvivu: kurasa zilikuwa zimenyooka, herufi zimekolea, hata jalada lilibaki na rangi zake. Lakini alichotengeneza kilikuwa picha 300 za karatasi. Mwenye macho huona maneno pale. Kompyuta huona madoa meusi kwenye weupe.

Ndiyo maana nikiulizwa fomati ipi ni bora kwa msomaji mwenye ulemavu, sijibu upesi. Kwanza nauliza kama maandishi yapo. Yakiwapo, yakiwa safi, na vichwa vya sura vikiwa vimetiwa alama ya kuwa vichwa, kuyahamisha kutoka fomati moja hadi nyingine ni kazi nyepesi. Yakiwa machafu, kila fomati utakayochagua itarithi uchafu uleule.

Faili la mchapishaji, nakala iliyopo, au skana

Watu wengi huanzia kwenye skana. Mimi ningeanzia kwenye baruapepe kwa mchapishaji. Karibu kila kitabu cha miaka ya karibuni kilipita kwenye kompyuta kabla hakijafika kwenye karatasi, kwa hiyo huenda bado lipo faili lake mahali. Faili la mchapishaji halina makosa ya kutambua herufi, na hilo peke yake linaokoa wiki nzima ya kusahihisha. Lina kero zake, lakini. Mara nyingi utapewa PDF ya mtambo wa kuchapa, yenye alama za kukatia karatasi pembezoni, na herufi f na i zilizounganishwa kuwa umbo moja ambalo likinakiliwa hupotea. Neno "fikiri" linakuwa "kiri". Ukiweza, omba EPUB (fomati ya vitabu vya kielektroniki) au faili la upangaji kurasa, si PDF.

Nakala iliyokwisha tengenezwa na wengine ni bora zaidi. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Katika nchi zilizojiunga nao, taasisi zinazotambuliwa huweza kutengeneza nakala fikivu bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kuzipeleka kwa wasomaji wa nchi nyingine mwanachama. Unawahusu wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ugumu wa kusoma kama disleksia, na wale ambao mikono yao haiwezi kushika kitabu au kufungua kurasa. Hauhusu kila mtu anayependa kitabu cha bure, na hapo ndipo wengi hujikwaa: nakala unayotengeneza ni ya wasomaji hao, si ya kusambazwa ovyo kwenye makundi ya simu. Kuna maktaba za namna hii zinazofanya kazi tayari, kama Bookshare iliyoanza mwaka 2002, na orodha ya pamoja ya Accessible Books Consortium chini ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani. Kutafuta humo kabla ya kuwasha skana hakuchukui nusu saa.

Ikiwa faili halipo na nakala haipo, basi skani. Ukikubali kukata mgongo wa kitabu, skana ya kulisha karatasi itakimaliza upesi na kurasa zitatoka bapa. Usipokubali, skana ya kulaza inafanya kazi hiyohiyo polepole, ila maneno yaliyo karibu na mshono hupinda. Kamera ya simu inatosha kwa kurasa chache, mwanga ukiwa wa kutosha na mkono ukiwa mtulivu; kwa kitabu kizima, utachoka kabla hakijaisha. Weka skana kwenye nukta 300 kwa inchi, au 400 kama herufi ni ndogo. Karatasi iliyopauka iskaniwe kwa kijivu, isilazimishwe kuwa nyeusi na nyeupe tupu, maana herufi hafifu hutoweka.

Asilimia 99 ni mbaya kuliko inavyosikika

Picha zikishapatikana, programu ya kutambua herufi huzigeuza kuwa maandishi. Hapa kuna hesabu ambayo kila anayeingia kwenye kazi hii anapaswa kuifanya mapema. Ukurasa wa kawaida una herufi kama 2,000. Programu ikipatia asilimia 99, imekosea herufi 20 kwenye ukurasa huo. Kwa kurasa 300 ni makosa 6,000. Ikipatia asilimia 99.9, bado yanabaki 600.

Tesseract, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure. Ilizaliwa Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na toleo la 4 la mwaka 2018 likaingiza mitandao ya neva, mbinu ya kompyuta kujifunza kwa mifano, ambayo iliinua usahihi wake sana. Ina data ya Kiswahili, na ukisahau kuichagua itakisoma kitabu chako kwa mazoea ya Kiingereza. Udhaifu wake uko kwenye safu mbilimbili, majedwali na visanduku vya pembeni. ABBYY FineReader ni ya kulipia, na unachonunua hasa ni dirisha la kusahihisha: picha upande mmoja, maandishi upande wa pili, maneno yenye shaka yakiwa yametiwa rangi. Kwa kitabu kimoja cha hadithi, Tesseract yatosha. Kwa mlolongo wa vitabu vya kiada, dirisha lile hurudisha gharama yake.

Siku hizi wapo pia wanaolisha picha za kurasa kwa programu kubwa za akili unde. Zinasoma ukurasa ulioharibika kwa wepesi wa ajabu. Ila makosa yake siyaamini. Tesseract ikishindwa, huandika "rnarna" badala ya "mama", na jicho lolote linaona. Akili unde ikishindwa, inaweza kuandika sentensi nzuri kabisa ambayo mwandishi hakuiandika. Hukosea kwa ufasaha. Ukiitumia, linganisha na picha neno kwa neno, na hapo muda uliookoa unaanza kupungua.

Kiswahili kina mitego yake katika usahihishaji. Kikagua tahajia hakitakusaidia kama unavyotarajia, kwa sababu neno kama "waliponikaribishia" hakilijui na kitalipigia mstari mwekundu, huku "hali" iliyogeuka "bali" kwa wino uliofifia ikipita bila kuguswa. Halafu kuna ng'. Alama ile ndogo ya juu hudondoka, au hugeuka kuwa alama ya kufungua nukuu, na sauti ya kompyuta inapofika kwenye "ng'ombe" hutamka kitu kisichofugika. Ninapofungua faili jipya, jambo la kwanza ni kutafuta "ng" zote na kuzipitia.

Uchafu wa pili hauko kwenye herufi, uko kwenye ukurasa. Jina la kitabu lililochapwa juu ya kila ukurasa huingia katikati ya sentensi. Neno lililokatwa mwisho wa mstari kwa kistari hubaki limekatwa. Tanbihi ya chini hukatiza aya iliyokuwa inaendelea ukurasa unaofuata. Mwenye macho huyaruka haya bila kujua kwamba ameyaruka. Anayesikiliza analazimika kusikia jina la kitabu mara 300.

PDF, Word, EPUB

Sasa maandishi ni safi. Unayaweka wapi?

PDF ndiyo inayopendwa na wanaotengeneza na kulaumiwa na wanaosoma. Zipo PDF za aina tatu, na zote huitwa kwa jina moja. Ya kwanza ni picha tupu. Ya pili ni picha yenye maandishi yaliyofichwa nyuma yake: unaweza kutafuta neno, kisomaskrini kinasoma kitu, lakini hakijui kichwa ni kipi wala safu ipi inatangulia. Ya tatu imetiwa vitambulisho ndani, kila kichwa, aya, orodha na jedwali vikijulikana kwa jina lake. Hii ya tatu ina kiwango chake cha kimataifa, PDF/UA, kilichotoka mwaka 2012, na ikitengenezwa vizuri inasomeka. Tatizo ni neno hilo, "ikitengenezwa". Kutia vitambulisho kwenye kitabu kilichoskaniwa ni kazi ya mkono, ukurasa kwa ukurasa, na ukibadilisha kitu kwenye chanzo unairudia.

Na hata ikikamilika, PDF hushikilia umbo la karatasi. Mwenye uoni hafifu akikuza maandishi mara nne kwenye simu, mstari unatoka nje ya skrini. Anausukuma kulia kuumaliza, anarudi kushoto kutafuta unaofuata, anapotea. Kitabu kizima hivyo? Hapana. PDF ningeibakiza hasa pale ambapo umbo la ukurasa ni sehemu ya maana, kama fomu au ramani.

Word inadharauliwa bila sababu. Faili la Word lenye vichwa halisi, yaani mtindo wa Kichwa 1, Kichwa 2, si herufi zilizokozwa tu, husomwa vizuri na visomaskrini vyote vikubwa, NVDA ya bure ikiwamo. Msomaji mwenye disleksia anabadilisha aina ya herufi, anaachanisha mistari, anaweka rangi ya njano nyuma. Mwalimu anaweza kukata sura moja na kuituma. Lakini Word ni meza ya kazi, na msomaji amewekwa katikati ya kazi: kidole kikiteleza, aya inafutika, na asiyeona huenda asijue. Pia haikumbuki vizuri ulipoishia, na namba za kurasa za kitabu cha karatasi hazina mahali pake rasmi. Wengi huziweka kwa kuandika "Ukurasa 47" kama kichwa cha ngazi ya mwisho. Si nadhifu, lakini inafanya kazi.

Namba hizo si pambo, kwa njia. Darasani wenzake wakiambiwa wafungue ukurasa wa 47, mwanafunzi ambaye faili lake halina namba za kurasa za karatasi anabaki anatafuta hadi somo limesonga mbele. Kati ya yote yanayosahaulika katika ubadilishaji, hili ndilo linaloumiza zaidi, na ndilo rahisi kuzuia: usifute namba wakati wa kusafisha vichwa vya juu.

EPUB ndiyo ningeichagua kwa vitabu vingi. Kwa ndani ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja, kwa hiyo maandishi hujipanga upya kulingana na skrini, hata yakikuzwa kupita kiasi. Toleo la 3, la mwaka 2011, lina nafasi ya orodha ya kurasa za karatasi, hesabu zilizoandikwa kwa MathML (lugha ya kompyuta ya kuandikia hesabu), na uwezo wa kufunganisha sauti na maandishi. Msomaji anaweka alama alipoishia, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, anafuata tanbihi na kurudi. Shirika la DAISY, linaloshughulikia vitabu fikivu, linatoa bure WordToEPUB, ambayo hugeuza faili la Word lenye vichwa sahihi kuwa EPUB, na Ace, ambayo hukagua na kukuonyesha ulipokosea. Kwenye kompyuta, Thorium Reader inasoma EPUB pamoja na kisomaskrini bila ugomvi.

Ubaya wake? EPUB inategemea programu ya kusomea, na baadhi ya programu za simu ni nzuri kwa macho lakini kisomaskrini hakioni chochote ndani yake. Muulize msomaji anatumia nini kabla hujamtumia. Jingine ni lugha. Ndani ya faili kuna mahali pa kutangaza kwamba kitabu ni cha Kiswahili. Pakiachwa kwenye Kiingereza, kama inavyotokea mara nyingi, sauti ya kompyuta itasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza tangu dibaji hadi faharasa. Ni neno moja la herufi mbili, sw, na linaamua kama kitabu kitasikika au kitachekesha.

Sauti ya mtu, sauti ya mashine

Kitabu cha maneno 90,000 kikisomwa kwa maneno 150 kwa dakika ni saa 10. Kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu megabaiti 290, wakati EPUB ya maandishi yaleyale bila picha kwa kawaida haifiki megabaiti moja. Na saa 10 ni za kusikiliza. Za kurekodi ni zaidi, maana kuna kurudia, kukata, kusikiliza upya na kuondoa sauti ya jogoo.

Sauti ya mtu inastahili pale lugha yenyewe inapobeba uzito: riwaya, tamthilia, ushairi. Sijasikia mashine inayojua kupumua katikati ya mshororo, kwenye kituo kati ya ukwapi na utao. Msomaji aliyepoteza uoni ukubwani, ambaye hajazoea kompyuta, pia huikaribisha sauti ya mtu kwanza.

Kwa kitabu cha kiada, cha sheria, cha kurejelea, upande wangu ni mashine. Wasikilizaji wazoefu huiongezea kasi hadi mgeni asielewe hata neno, na kasi hiyo ndiyo njia yao ya kupitia kurasa upesi kama wengine wanavyopitisha macho. Mashine inaweza kulitaja neno herufi kwa herufi. Rekodi haiwezi, na mwanafunzi aliyesoma kwa rekodi tu hujua majina mengi asiyojua kuyaandika. eSpeak NG, inayokuja na NVDA, inazungumza Kiswahili kikavu lakini kinachoeleweka. Sauti mpya za Kiswahili, kama za Microsoft, ni laini zaidi.

Ukichagua rekodi, usitoe faili moja la saa 10. Hapo ndipo fomati ya DAISY ilipotokea: maktaba za vitabu vya sauti zilipoungana mwaka 1996 zilitaka kitabu ambacho msikilizaji anaweza kuruka sura, kifungu na ukurasa, badala ya kurudisha nyuma kanda kwa kubahatisha. DAISY inaweza kuwa sauti na vichwa tu, au maandishi na sauti vikienda pamoja. Kama msomaji ana kifaa cha DAISY mkononi, mpe DAISY. Kama hana, EPUB 3 yenye sauti iliyofunganishwa inafanya kazi hiyohiyo, na kwa mwenye disleksia, neno linalotiwa rangi huku likitamkwa ni msaada ambao sauti peke yake haimpi.

Nukta nundu

Asiyeona wala kusikia hana chaguo jingine ila nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Na hata kwa anayesikia vizuri, tahajia, hesabu na muziki hukaa akilini kwa vidole kuliko kwa sikio. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, sauti ni kusomewa.

Karatasi ya nukta nundu kwa kawaida ina mistari 25 ya seli 40 (seli ni nafasi ya alama moja ya nukta), yaani seli 1,000. Ukurasa wako wa herufi 2,000 tayari ni kurasa mbili, na kitabu cha 300 kinavuka 600. Ndiyo maana faili la BRF, yaani nukta nundu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, pamoja na kifaa chenye pini zinazopanda na kushuka ni nafuu ya mgongo, ingawa kifaa chenyewe ni ghali. BRF ina ukaidi wake: mistari imekatwa mapema kwa upana maalumu, na iliyotengenezwa kwa seli 40 ikisomwa kwenye kifaa cha seli 20 inavunjikavunjika. Ikiwa kifaa cha msomaji kinafungua EPUB au Word na kugeuza chenyewe kuwa nukta, mpe hiyo kwa hadithi na insha. Kwa hesabu na majedwali, mtafute mtu anayejua nukta nundu akague. Liblouis, programu huria ya kugeuza maandishi kuwa nukta, hufuata kanuni ilizopewa, lakini haijui kwamba jedwali la safu saba halitaingia kwenye mstari.

Picha ziko hivyohivyo katika fomati zote: mtu aandike maelezo. "Mchoro 3" si maelezo. Andika kile mchoro unachofundisha: mstari unapanda wapi, unashuka wapi, mshale unatoka kwenye kipi kwenda kipi. Picha ya pambo iseme ni pambo, ipite.

Ukiwa na kitabu kimoja mezani

Riwaya, msomaji yeyote: EPUB, na rekodi ya mtu ukimpata msomaji mzuri. Kitabu cha kiada: EPUB yenye namba za kurasa, pamoja na Word kwa mwalimu. Hesabu: EPUB yenye MathML kwa anayesikiliza, nukta nundu iliyokaguliwa kwa anayegusa, kamwe si picha za milinganyo. Mwenye mikono isiyoweza kufungua kurasa, macho yake yakiwa mazima: EPUB, na kagua kama kitufe chake au amri yake ya sauti inageuza kurasa. Kitabu cha zamani kilichofifia, ambacho watu wawili tu wanakihitaji: PDF yenye maandishi yaliyofichwa, ukiwaambia wazi kwamba hakijasahihishwa.

Na kama mtihani ni wiki ijayo, usisubiri kitabu kiishe. Safisha sura ya kwanza leo, itume usiku, muombe aruke hadi ukurasa wa 12, afungue tanbihi moja, kisha arudi alipokuwa. Akikwama, rekebisha kiolezo chako kabla ya sura ya pili. Na umuulize ng'ombe ametamkwaje.